Msumari Ukutani kwa Bi Lorene

Garland, Texas

Kwa kaka yangu Mwakio,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Goti la Mama limepoa? Vumbi la Voi bado linakuingilia kwenye makopo ya rangi? Mimi ni mzima, ila joto la huku lingekufanya uliombe radhi joto la Voi.

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, chai ikapoa. Eti mwisho wa mwezi unaacha brashi uende kukaa ofisi ya mizani kwenye shamba la mkonge, kwa kuwa mabango ya kuchapwa kwa mashine yamefika kutoka Mombasa, na Baba anasema kuchora ng'ombe ukutani mwa bucha si kazi ya mtu mzima. Subiri, kaka. Tafadhali subiri! Nina habari, na nikikaa nayo nitapasuka.

Unajua namtunza bibi kizee mmoja, Bi Lorene. Namwogesha, nampikia, nampa dawa zake. Siku ya kwanza niliingia sebuleni nikakuta ukuta mzima umejaa picha ndani ya fremu. Nikajua ni jamaa zake. Kwetu nani hutundika mtu baki ukutani? Basi nikafanya adabu kama tulivyofunzwa, nikawaulizia mmoja mmoja. Mzee huyu anayenyolewa na mkewe kibarazani, amefumba macho kama anachinjwa, yuko wapi?

"Huyo hayupo tena, mwanangu."

Na mama huyu aliyelala kanisani mdomo wazi? Naye hayupo. Nikatoa pole, kila marehemu na pole yake. Kaka, wiki nzima niliwaombea watu wale!

Kisha nikamsindikiza Wambui, yule nesi ninayekaa naye, kwa daktari wa meno. Nani yuko kwenye kalenda ukutani? Mzee wa kunyolewa! Nikamshika Wambui mkono: "Huyu ni marehemu wa kazini kwangu!"

"Wee Wakesho, wacha kuni-embarrass," akaninong'oneza. "Huyo ni wa magazine za kitambo. Ako kila mahali hapa Texas, mpaka kwa mikebe ya biskuti."

Nilipomsimulia Bi Lorene alicheka mpaka nikamletea maji. Kumbe zamani majarida ya huku yalikuwa na wachoraji wa kuchora ukurasa wa mbele, na hawakuchora wakubwa wala vita, walichora watu tu. Familia inasukuma gari lililozimika, na nyanya ndiye kashika usukani. Mtoto anajaribu viatu vya mamake. Jarida likifika, Bi Lorene aliikata picha kwa mkasi kabla mumewe hajasoma hata mstari, na siku hiyo nyumba haikukalika.

Nikazikagua zote kumtafuta mtu wa rangi yetu. Nikampata mmoja, kituo cha treni, amebeba masanduku ya wenzake, uso hauonekani. Nikamwambia Bi Lorene bila kumung'unya maneno.

"Ni kweli," akasema. "Hata sisi wazungu maskini hatumo. Kwetu tulichuma pamba, na mama yangu hakucheka hivyo hata siku moja. Lakini nilifurahi kuona kuna mtu aliyekaa akawatazama watu wakiishi." Kisha akaniuliza, "Na nyinyi kwenu, nani anawachora?"

Nikajibu mbio, kaka: "Kaka yangu!" Nikatoa ndani ya Biblia ile picha niliyopiga kabla ya kuondoka, ukuta wa bucha uliouchora wewe: foleni, mbwa anangoja mfupa, na mwanamke kashika kiuno akimgombeza mwenye bucha kwa ajili ya mizani. Bi Lorene aliikagua kwa kioo chake cha kusomea mpaka nikaanza kuona haya.

"Huyu mwanamke namjua," akasema. "Nimemwona hapa hapa Garland, dukani, akibishana na mkata nyama."

Nikamwambia huyo ni mama yetu. Nililia, na wala sioni aibu kukuambia. Mashine itaandika BUCHA kwa herufi zilizonyooka, sawa, lakini mashine haijui Mama anavyoshika kiuno. Mwambie Baba hivyo hivyo.

Juzi nilifika kazini nikakuta mzee wa kunyolewa ameteremshwa, kalazwa juu ya kabati. Nikauliza kulikoni.

"Amekaa pale miaka mingi, ametosha," Bi Lorene akajibu. "Hapo ni pa mama yako."

Kwa hiyo mchore, kaka, unitumie kwa posta. Usimvalishe nguo ya Jumapili; mpe leso yake ile iliyochanika pindo, na ndala. Yeye mwenyewe usimwambie bado, atauliza anatundikwaje kwa watu asiowajua, kana kwamba kafa.

Msalimie Baba, na umwambie sijakasirika, au nimekasirika kidogo tu. Shangazi wa Mwatate mpe salamu zake, na shemeji yangu, mkeo, mwambie akufichie brashi mpaka mwisho wa mwezi upite. Watu wa mizani wakikuita, wajibu una kazi Marekani. Msumari umeshapigiliwa, na kila asubuhi nikipangusa zile fremu, nafika pale patupu napapangusa pia.

Mdogo wako anayeringa nawe mbele ya watu,
Wakesho