Visahani vya Nesi Docus

Aimée!! Uko wapi? Weka hiyo sufuria chini, usome.

Unakumbuka wiki jana, pale kanisani Bwera, nesi Docus alitubonyezesha vidole kwenye visahani vya jeli? Leo amevirudisha. Bakteria wameota, Aimée. Wameota kama uyoga!

Docus anaeleza kwamba wako kila mahali, wengi hawadhuru, hata maziwa ya kuganda ni kazi yao. Nani alisikiliza? Loyi alishaokota kisahani kichafu kuliko vyote, madoa ya manjano tupu, akamwinulia Biira usoni. Mkwe wake mtarajiwa, mchumba wa mwanawe! Mbele ya wamama wote!

"Hii ni yako. Na hiyo mikono ndiyo unataka kupikia mutoto yangu?"

Harusi ni Jumamosi.

Docus akageuza kisahani, akasoma jina chini. Loyi. LOYI, Aimée! Cha Biira kilikuwa karibu kitupu.

Nikasema leo huyu mama ataomba radhi. Wapi! Alikitazama kile kisafi, akasonya.

"Munaona? Mikono safi hivi haijui jembe."

Na wamama wakaitikia: "Kweli kabisa."

Hata mama yake Biira.