Maji ya Njano ya Mshubiri

Zainabu mjukuu wangu, salamu nyingi. Tuko wazima, mama yako anauza vitenge vyake kule mpakani, Grande Barrière.

Unaandika kwamba kwenye maabara ya chuo mmeona maji ya njano ya mshubiri yanawasha ngozi, unauliza kama nilijua. Nilijua, tena kabla mwalimu wako hajazaliwa!

Nilikuwa msichana. Jirani alimletea mama mtoto wake amtibu, mashavu mekundu yamejaa vipele. Nikakata jani, sikungoja yale maji yachuruzike. Mama akanidaka mkono: "We! Jipake mwenyewe kwanza."

Nikajipaka mkononi, nikajikuna mpaka magharibi. Kesho yake mtoto alipakwa ute safi tu wa ndani ya jani, akaacha kulia.

Mwalimu akiuliza nani alipima kwanza, mwambie ni mkono huu unaokuandikia.

Bibi yako, Mwajuma