Maua ya Wifi Yako

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, na za nyumba hii ambayo kwa sasa haina mtu wa kukusalimu isipokuwa mimi peke yangu. Goti lako linasemaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba limekubali kupanda ngazi ila linakataa kushuka. Naomba liwe limeshajirudi. Na shemeji, kile kikohozi chake kimempa nafasi ya kulala? Mimi ni mzima, ila mgongo umegoma na viganja vimetoka malengelenge kama vya kibarua wa siku ya kwanza, mimi niliyeshika mwiko wa uashi miaka thelathini na minne. Sababu yenyewe utaicheka. Nalima maua.

Wifi yako bado yuko kwa binti yetu, anamsaidia kulea kitoto kichanga, na anarudi Jumamosi hii. Kabla hajaondoka alifanya jambo lililonikaa kooni mpaka leo. Alichukua kijembe chake, kopo la kumwagilia na glavu zake zilizotoboka vidole, akavuka barabara akampa mke wa fundi viatu, vyote. Nilipomuuliza akasema miaka kumi na mmoja inatosha, amekubali kwamba maua hayamtaki, atatafuta kitu kingine cha kuzeekea. Alisema huku anacheka, lakini wewe unamjua. Akicheka vile usithubutu kumtazama machoni. Basi nikaapa moyoni kwamba atakaporudi atakuta bustani mbele ya mlango wake, hata iwe ya hatua nne kwa sita. Dada, bora ningeapa kujenga ghorofa.

Udongo wa hapa kwetu umeuona mwenyewe, ule mwekundu wa mfinyanzi. Siku ya kwanza ulikuwa mkavu, nikaupiga sululu, sululu ikaruka ikanirudia. Nyufa zake zinameza kidole kizima. Nikasema sawa, nikaumwagia maji ulainike. Loo! Asubuhi yake nikaingia na viatu vya mvua, nikatoka na soksi. Viatu vilibaki vimesimama kule katikati kama vinanisubiri. Mpini wa jembe ukavunjika. Nikachimba shimo la waridi, nikalijaza maji, na baada ya siku mbili maji yalikuwa palepale, hayajapungua hata upana wa kidole, na mbu wameshahamia. Nilitukana, dada. Nilitukana hadi mke wa fundi viatu akafunga dirisha.

Sasa sikiliza upumbavu wa fundi mwashi. Nikawaza, udongo huu unanata mno, dawa yake ni mchanga. Nikaleta mchanga mzuri wa kupigia lipu, nilioubakiza kwenye kazi moja, nikauchekecha kabisa, nikachanganya na ule mfinyanzi kwa sepetu, nikitia maji kidogokidogo. Mikono ikafanya inachojua. Nikausambaza, nikaushindilia, nikapitisha ubao, nikaweka pimamaji kuhakikisha hakuna upande uliolala. Ulinyooka, dada! Nilirudi nyuma hatua mbili nikajisifu. Kisha nikatoboa matundu kwa mtaimbo, kwa mstari, nikapanda miche kumi na minane. Jua la siku tatu likapiga. Ile bustani ikakauka ikawa kitu kimoja, ukiigonga inalia. Miche yote ilikufa imesimama, imebanwa shingoni.

Nikamwita mama anayeuza miche kule njiapanda, yule mnene mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa tatu. Alifika, akatazama, akagonga kwa kisigino, akaniuliza kwa upole kama hii sakafu nitaipaka rangi au nitaweka vigae. Kisha akacheka mpaka akaketi kwenye toroli. Akanieleza kwamba mfinyanzi na mchanga ukivichanganya na maji na kukanyaga unapata tofali, na kwamba alidhani katika dunia hii yote mtu ambaye hahitaji kuambiwa hilo ni mimi. Tangu siku hiyo mtaani naitwa Bwana Sakafu. Hata kinyozi akimaliza kuninyoa ananiuliza kama anipitishie pimamaji.

Nilivunja ile kazi kwa nyundo. Siku nzima, mimi na nyundo, navunja bustani. Mama wa miche akanishauri nisipigane tena na udongo ule, niinue matuta juu yake, nitie samadi iliyooza, majani makavu na maganda ya jikoni, nifunike, nisikanyage, na nisubiri. Nikamuuliza nisubiri siku ngapi. Akasema siku ngapi tena, hesabu misimu, miwili ukiwa na bahati. Nikamwambia mimi nina siku kumi na mbili. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekuja amechelewa.

Nikabeba samadi hata hivyo, toroli baada ya toroli. Nikainua matuta mawili, nikapanda asumini na waridi, nikayakinga jua kwa magunia. Mvua moja tu ikaja. Maji yalikosa pa kwenda, yakakaa chini ya matuta, mizizi ikaoza kwa chini huku juu majani yakiwa bado ya kijani, yananidanganya. Nilipovuta waridi moja lilikuja bila ubishi, likanuka kama kitambaa cha deki. Nilikaa chini kwenye tope na suruali yangu nzima nikalia, dada. Mtu mzima, babu wa mtu. Sikulia kwa ajili ya waridi.

Juzi yule mama alirudi kunionea huruma. Akapiga magoti, akachimba hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi ya udongo akaupasua kwa vidole. Akasema kuna kitu haelewi. Akasema udongo huu si wa juu, ni wa chini sana, haujawahi kuona mizizi tangu dunia iumbwe. Ng'ambo ya barabara kwa fundi viatu ardhi ni hiyohiyo lakini kuna futi nzima ya udongo mweusi kabla hujaufikia mfinyanzi. Akaniuliza mweusi wa hapa ulikwenda wapi. Nikamwambia sijui. Lilitoka mdomoni haraka, laini, kama jambo nililolizoea. Na ndipo nikajua kwamba nimelizoea kweli.

Dada, ninajua udongo ule ulikokwenda. Keti kabla hujaendelea kusoma.

Tulipoanza msingi wa nyumba hii wifi yako aliniomba kitu kimoja. Si jiko kubwa, si dirisha la vioo. Aliomba nikikwangua ardhi niuweke pembeni ule udongo wa juu, kwa ajili ya maua yake. Nikamwahidi. Wiki iliyofuata akaenda kumuuguza mama yake, na mimi wakati ule nilikuwa namjengea yule daktari wa meno wa barabara ya pili. Daktari alitaka bustani na kwake kulikuwa na mawe matupu. Lori lilikuwa lipo, dereva yupo, na mimi nilikuwa natafuta kumfurahisha kwa sababu alikuwa ametaja kwamba atajenga na zahanati. Malori matatu, dada. Udongo wote mweusi wa kiwanja chetu. Kisha shimo la choo likachimbwa, na ule mfinyanzi uliotoka chini, urefu wa watu wawili, nikautandaza mbele ya nyumba nikaushindilia vizuri, kama kazi yangu inavyotaka.

Aliporudi aliuliza. Nikamwambia kiwanja hiki ndivyo kilivyo, mfinyanzi juu hadi chini. Akaamini. Fundi ni mimi, ardhi naijua mimi, kwa nini asiamini? Na zahanati yenyewe alipewa mwingine.

Kwa hiyo miaka kumi na mmoja amepanda maua juu ya udongo wa shimo la choo, na kila yalipokufa alijilaumu mwenyewe. Alikuwa akisimama kwenye ua wa yule daktari akitamani mawaridi yake. Siku moja akaomba vipandikizi, akaja navyo amevifunga kwenye kitambaa chenye maji, mbio, ana furaha kama msichana. Vilitoka kwenye udongo wake mwenyewe. Akavipanda hapa, na mimi nikamshikia kopo. Vikafa.

Na wewe dada, siku ile ya mahari ya binti yetu, ulipotania mbele ya watu kwamba wifi yako ana Mkono wa Chumvi, kila anachogusa hakioti, watu wote wakacheka na jina likamganda. Sikulaumu, hukujua. Mimi nilijua, na nilicheka kuliko wote. Unakumbuka mazishi ya mama yake? Walipopanda mche pale kaburini yeye alirudi nyuma, akampa dada yake aushike, yeye akasimama mbali ameficha mikono ndani ya kanga. Wakadhani ni uchungu. Usiku ule aliniambia aliogopa kumwulia mama yake ua lake. Nikamkumbatia, nikanyamaza.

Nimekaa na hilo muda wote huu bila kuusikia uzito wake. Imebidi mimi mwenyewe nipande, nione yakifa mikononi mwangu, wiki tatu tu, na tayari nilitaka kuitupa mikono hii. Yeye amebeba miaka kumi na mmoja na bado ananipikia.

Ninakuomba mambo mawili. La kwanza, jina lile usilitamke tena, na atakayelitamka mbele yako mwambie ukweli ulivyo, pamoja na jina langu, nakupa ruhusa. La pili, usimwandikie chochote kabla ya Jumamosi. Najua moyo wako, utataka kumwomba radhi haraka. Niache nianze mimi, kwa sababu kosa ni langu na kuomba kwako kutakuwa kunanikinga.

Msalimie shemeji na kila aliye hapo nyumbani, na goti ulipe mapumziko, usilibishie. Ukipata nafasi nijibu, hata kama ni kunitukana, nitasoma yote. Bustani hakuna, nimeshaacha kujidanganya. Mbele ya mlango kuna tope na matuta mawili yaliyolala. Nitamwambia palepale mlangoni, bado amesimama na mzigo wake haujafunguliwa, ili akitaka kurudi alikotoka asipate taabu ya kufungasha tena.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi