Kifusi Kilichofunika Duara Langu

Machimbo ya Nyarugusu,
Geita.
11 Agosti 1996

Mpendwa mpwa wangu Limi,

Pokea marahaba yangu kabla ya yote, maana najua hata huko Pune, India, ukiishika barua yangu magoti yanakunjika yenyewe. Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tu wazima. Mama yako pale Didia kavuna mpunga wa kutosha na mguu wake umepoa. Afya yangu unaijua: nyoka aliyeniuma mwezi wa sita alikufa yeye.

Baada ya salamu, nina hasira, na nakuandikia wewe kwa sababu hasira yenyewe ni ya kompyuta, kazi yako.

Kamati ya wachimbaji ilitangaza kwamba kila duara, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu, litasajiliwa, na lisilosajiliwa litapewa mtu mwingine. Lile shimo langu nalichimba mwaka wa sita huu. Akaletwa mtaalamu, anaitwa Valerian, akapima kilima kizima wiki mbili, vipimo akaviingiza kwenye kompyuta, akatoa picha ya kilima kwenye karatasi kubwa na kuibandika ofisi ya kijiji. Kilima kimetoka safi, kama unakitazama ukiwa barabarani. Maduara arobaini na moja. Langu halimo.

Kilichomo ni kifusi changu. Wenzangu wakitoa mawe shimoni huyatupa popote. Mimi nimeyapanga miaka yote hiyo upande wa barabara, ili mgeni akishuka kwenye gari aulize rundo lile ni la nani. Nilifanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, milima ya udongo ya pale naifahamu, na wangu umepungukiwa kidogo tu. Ukipanda juu yake siku isiyo na vumbi unaliona ziwa, na mitumbwi unaihesabu. Basi kompyuta imekichora kifusi vizuri sana, hadi kivuli chake, na duara langu lililo nyuma ikalimeza.

Maige, jirani yangu wa shimo, mtu ambaye kifusi chake hakimfichi kuku, akaanza. "Baba Vumilia, kumbe miaka yote ulikuwa unachimba hewa." Na katibu wetu, Mama Bernadina, akasema yeye anaandika kinachoonekana kwenye karatasi, basi.

Ndipo nikakumbuka barua yako ya Pasaka. Ulisema unajifunza namna kompyuta inavyojua kipi ionyeshe na kipi ifiche: inachora vya nyuma kwanza, halafu vya mbele vinapakwa juu yake, kama rangi mpya juu ya ukuta wa zamani. Nikaenda nayo mkutanoni. Nikavua kofia, nikaiweka mbele ya kikombe cha katibu.

"Mama, chai yako iko wapi?"

"Si hiyo hapo nyuma ya kofia."

"Unaiona?"

"Siioni."

"Basi huna chai," nikasema, nikainywa yote. Watu walicheka hadi bati la ofisi likalia.

Valerian akakiri kwamba vipimo vya duara langu vimo, ila picha imetazamwa toka barabarani. Akawasha jenereta, akakigeuza kilima kwenye kompyuta. Duara langu hilo hapo, limeachama. Lakini la Maige likapotelea nyuma ya kifusi changu hicho hicho, na kicheko chake nacho. Mwisho ikachorwa toka juu, kama mwewe anavyotazama, na huko hakuna anayemficha mwenzake. Maduara arobaini na mawili. Langu ni namba kumi na saba, na limepigwa muhuri.

Ungedhani hasira imekwisha. Limi, ukitazama toka juu, kifusi changu hakina urefu. Ni doa tu, kama uji uliomwagika. Miaka sita ya mgongo wangu. Karatasi hiyo ndiyo iko ukutani sasa, na mgeni akiitazama mimi na Maige tuko sawa. Ile ya kwanza katibu kaifungia sukari.

Kwa hiyo vipimo nimeviomba kwa Valerian, vimo humu kwenye bahasha. Nichoree picha moja toka barabarani, nitaitundika nyumbani Didia. Duara usilihangaikie, liache lijifiche. Mwenyewe najua lilipo.

Mke wangu Apolonia anakusalimu, na Vumilia anauliza kama huko mnakula ugali. Mungu, ambaye hatazami toka barabarani, akulinde popote ulipojificha na masomo yako.

Ni mimi nikupendaye,
Mjomba wako Donatus