"Na" ya Katikati

Fundi wangu,

Natumaini huko uliko hakuna anayekuharakisha. Hapa Meru tulikuharakisha miaka yote na hukutusikia.

Mimi Makena, mwanafunzi wako, bado nachora, ila siku hizi nachora kwa komputa. Usikunje uso! Niliajiriwa ofisi moja karibu na soko la Gakoromone, tunatengeneza kurasa za intaneti. Ni kama kibao cha duka, tofauti ni kwamba mtu wa ng'ambo anakisoma akiwa kwake.

Unakikumbuka kibao chako cha mwisho, cha gesti ya wale madada wawili? Ulichora KARIMI, ukachora KAGENDO, katikati ukaacha nafasi. Neno dogo ulilichora mwisho siku zote, rangi ya majina ikishakauka. "Haya makubwa yanajipigia kelele yenyewe," ulikuwa ukiniambia. "Hii 'na' ndiyo inataka mkono umetulia." Ukaenda nyumbani kungoja rangi ikauke, na hukurudi.

Miaka miwili nafasi ile imekaa wazi. Wageni mjini wanadhani madada waligombana. Mafundi wengine walikuja na brashi zao wakafukuzwa. Mimi niliombwa, nikakataa. Niliogopa, Fundi. Niliogopa kukuharibia.

Mwezi uliopita madada walitaka ukurasa wao, ili watalii wa mlimani wawaone. Majina hayakunisumbua. Lakini kila "na" ya komputa niliyojaribu ilikuwa imelala ubavu tu kama mlevi, haina ule mkia wako wa kujikunja kama kikonyo cha malenge. Basi nikatoa brashi yako nyembamba, ile uliyoifunga uzi, nikaichora kwa mkono, rangi nyekundu. Niliharibu karatasi hadi mdosi wa ofisi akanung'unika. Iliyokubali tukaipiga skana, nikaiweka katikati ya majina kama picha.

Siku ya kuwaonyesha, laini ya simu inayotuletea intaneti ilikuwa nzito. KARIMI akatokea. KAGENDO akatokea. Katikati, patupu. Nilitamani ardhi inimeze. Kagendo akashika mdomo: "Woi, hata kwa komputa ameacha nafasi!"

Halafu picha ikaanza kushuka, kipande kwa kipande: kichwa, tumbo, na baada ya kutungojesha sana, mkia. Ilifika ya mwisho, Fundi, vile ulivyopenda. Karimi akasema, "Si nilijua, huyo mzee haharakishwi." Tulicheka hadi machozi, na yangu mengine hayakuwa ya kicheko. Nilifurahi. Sijafurahi hivyo tangu tukuzike.

Jumamosi asubuhi napanda ngazi pale gesti. Wao wenyewe ndio wameniomba tena, na mara hii nimekubali. Nyekundu nimeshaichanganya, brashi ni ile yako.

Pumzika vizuri. Nakuahidi nitaenda polepole. Rangi ya majina imekauka, Fundi, na mkono wangu umetulia.

Makena wako