Kuku ya Arlette Bila Karanga

Dada Fanny wa kule Bukavu,

Tulia, mutoto wako Arlette iko muzima, iko anaimba! Ulisema hapa Baraka hatujue kupika bila karanga. Jana nilimupikia kuku mi mwenyewe, kuku mukubwa sawa mbuzi, mapaja yake ikakataa kuingia mu sufuria. Jirani yetu mama Hawa akakuja kunisaidia kukoroga.

Nikamuuliza: "Hiyo mwiko umetoa wapi?"

"Mu sombe yangu ya majani ya muhogo na karanga, shemeji."

Dada, nikamunyanganya ule mwiko. Karanga inafungaka koo ya mutoto! Nikamwagia bata yangu supu yote. Kisha nikachoma yale mapaja na chumvi na ndimu, mi nikakula bukari, ugali mukavu. Arlette akalamba vidole: "Mujomba, mama hapikake hivi!"

Muache amalize likizo.

Mi kaka yako Bertin, mwenye bata ya kunona kushinda zote za Baraka