Motoka ya Kupanda Mawe Inalala mu Parsele Yangu

Mama yangu mupendwa Ngoie, mutoto yangu wa kwanza,

Hii barua naituma mu groupe ya famille ku telefone, bote basome, ba shangazi na ba mjomba na benye kuoa kwetu. Juu nikikuita weye peke yako, unasema, "Mama, rezo iko mubaya huku Kolwezi," na unakata. Kumbe ya kutuma mapicha ya bilatu bipya, rezo iko muzuri.

Benye habajue desturi yetu bataniuliza namna gani naita mutoto yangu mama. Nabajibu mbele baulize. Ulipozaliwa tulikupa jina ya mama yangu muzazi, na kwetu mwenyi kubeba jina ya mama yako njo mama yako. Hauwezi kumutukana, hauwezi kumunyoshea kidole. Bandugu zako bakivunja sahani, sauti yangu ilikuwa inafika paka ku barabara ya ba taxi. Weye ukivunja, nilisema polepole, "Mama, angalia mikono, tafazali." Leo kinywa yangu imejaa matusi, na hakuna hata moja yenye naweza kukupa. Njo kitu inanichokesha kupita yote.

Basi nitasema paka ile iko.

Motoka yako iko bado mu parsele, mu kiwanja ya nyumba yetu, hapa Kenya (hapana ile inchi, ni mutaa yetu huku Katanga), juu ya matofali, pale uliiacha. Imekamata nafasi yote katikati ya jiko na mulango. Ba mama ba chorale bakikuya kujifunza nyimbo, sauti ya kwanza inasimama upande huu, sauti ya pili nyuma ya motoka, habaonane, na kila muntu anamaliza wimbo ku saa yake. Ku zile bomba za chuma ulichomelea juu, ati motoka ikipinduka zitachunga vichwa vyetu, miye naanika mashuka. Kuku mweusi anataga mayai pa kiti ya chofere. Nilimufukuza, akarudia. Nikamuacha, juu yeye walau anafanya kazi mu ile motoka.

Unakumbuka namna ilianza? Ilianza na kiuno yangu. Nkambo yako, mama yangu, iko kule juu ya mulima, upande wa Mitwaba, na hataki kushuka. Anasema mu ville bantu banalala karibu-karibu sawa samaki mu kikapo. Njia ya kupanda kwake ni mawe matupu, makubwa, yamepangana sawa ngazi yenye mulevi alijenga. Paka pikipiki njo zinapitaka, na miye, tangu siku pikipiki ilinitupa pale, siwezi tena. Ulinipakaa mafuta ku kiuno, weye na manguo ya ateliye, mikono inanuka graisi, ukasema: "Mama, nitakutengenezea motoka yenye itapanda kule." Nilicheka mpaka kiuno ikaniuma upya.

Njo ukaleta ile mifupa ya motoka ya zamani kutoka mutaa ya Kampemba. Ilikuwa imelala mu majani nyuma ya nyumba ya bantu, na majani ingine ilishaota mu injini. Ba jirani balikuya kuangalia sawa banakuya ku kilio. Mama Béa wa hapa pembeni akaniuliza:

"Mama Ngoie, hii motoka ilikufa na nini?"

"Ilikufa na kukosa binti yangu," nikamujibu.

Nilikuwa najisifu, sikatai. Najisifu hata leo. Nani mu Kenya yote iko na binti mwenyi kuchomelea chuma na kufungua injini, na kesho yake anaimba sauti ya kwanza ku misa? Ku ateliye ba fundi balikuchekelea siku ya kwanza: "Dada, jiko iko upande ule." Ukabaambia: "Ndiyo, njo kule nitapika injini yako, ikishakushinda." Ile hadisi nimeihadisia soko muzima. Ba mama ba kuuza samaki banaijua kwa kichwa, nikianza benyewe banamalizia.

Uliianza chini. Ulitoa malame ya zamani, zile chuma za kubeba motoka, ukaweka za kamio, lori ya mizigo, na motoka ikapanda juu mpaka mbuzi inapita chini bila kuinama. Ulikata mabati juu ya mapine, magurudumu. Nikalia, juu ile mabati njo ilikuwa imebakia na rangi; ukasema pine munene inaomba nafasi ya kujigeuza. Chini ya tumbo ukachomelea bati nzito, mawe isitoboe pahali ya mafuta ya injini. Cheche zilikuwa zinaruka paka mu sufuria yangu ya sombe, majani ya muhogo. Tulikula sombe yenyi harufu ya chuma, na hakuna mwenyi alikufa.

Na ule tata wa ku Golf, kule benye feza banakaa? Alikuya na motoka yake ya bei kubwa, inangaa mpaka unaweza kujichania nywele mu mulango. Ilikuwa inamusumbua ku njia ya shamba. Ulilala chini yake kidogo, ukatoka, ukamupa jibu. Akaanza kuangalia yako, anaizunguka, anaipiga mateke ku mapine.

"Mademoiselle, niuzie hii."

Mbele ufungue kinywa, miye nilishajibu: "Hii haiuzishwe, papa. Hii iko na safari yake. Yako ni ya kuenda misa."

Ulijificha nyuma ya injini, unacheka mpaka ukaangusha ufunguo.

Sasa nifike ku marshipie, zile ngazi za pembeni za kukanyagia. Hapo hatujasikilizana na hatutasikilizana. Motoka yako ilikuwa juu sana! Mama na kikwembe yake ya kujifunga atapanda namna gani? Aruke sawa chura, mbele ya bantu? Siku ulikuwa ku kazi, niliita ule sudere, fundi wa kuchomelea, wa pa kona, nikamuchagulia miye mwenyewe: chuma muzito, na maua ya chuma pembeni, sawa ku mulango ya parokia. Ulipofika ulisimama tu. Ulisema, "Mama, hizi zinashuka chini sana. Mawe itazikamata." Nilisema mawe haina adabu, lakini sie tuko nayo. Ukarudia ku injini yako, juu weye nawe haunitukanake. Njo mubaya ya hii mambo yetu ya majina: hakuna mwenyi kumutukana mwenzake, na makosa inabakia imechomelewa.

Tulienda. Njia yote nilikuwa nimekaa mbele sawa mukubwa wa serikali, napungia bantu mukono. Tukafika ku muguu ya mulima, ku mawe ya kwanza, na tukaona kule juu moshi ya majiko ya kwa nkambo. Karibu vile! Weye ukashuka na ukaanza kutoa upepo mu mapine. Nikapiga kelele: "Ngoie! Jana ulikesha unayajaza!" Ukasema pine yenye kulegea inakumbata jiwe, yenye kujaa inateleza. Haya. Ukapanda, ukaendesha polepole kupita muntu wa miguu. Nikaona jiwe mbele, munene sawa meza. Nikasema, pita nayo katikati! Unakumbuka ulinijibu nini?

"Mama, jiwe ukilipitisha katikati ya mapine, litapasua tumbo. Jiwe hatulikimbie. Tunaweka pine juu yake, tunalipanda."

Na motoka ikapanda. Ninaapa mbele ya famille yote, ilipanda! Nilifunga macho, nikasikia kichwa yangu inaelekea mbinguni na kiuno inabakia Katanga, kisha tukashuka upande ule, pole, sawa muntu anaweka mutoto pa kitanda. Njo ku jiwe lenye kufuata marshipie yangu ikakamata. Kraaak. Ikajikunja, ikaingia mu pine, pine ikapasuka pembeni. Ya akiba haikuwa munene ya kutosha ya kupanda nayo. Ukaangalia moshi kule juu, ukaangalia marshipie, ukaniangalia miye. Ukafunga ya akiba. Tukarudia.

Hata leo nasema: zilikuwa mizuri. Mulima njo haukujua kupokea bageni.

Tulipofika nyumbani ulizikata. Pahali yake ukanipa kaze ya pombe, ile sanduku ya machupa, tupu, umeifunga nyuma na mupira. Tukifika, unaiweka chini, mama anakanyaga, mama anapanda, mama anaketi. Nilinung'unika, lakini ba mama ba chorale banaiona mizuri kupita ngazi. Banasema sawa kiti ya mufalme.

Lakini mu ile njia ya kurudia kulikuwa na neno moja, Ngoie, na njo juu yake naandika. Tulishaacha mawe nyuma, barabara ilikuwa vumbi tu. Bila kuniangalia, ukauliza:

"Mama, nkambo akishanipaka pemba ku kipaji ya uso, akishanipa jina na mukono yake, ataenda, ao?"

Benye kusoma bajue: kwetu, muzee mwenyi jina anamungoja mwenyi kuipokea. Anamupaka pemba, ule udongo mweupe, anamupulizia maji ya baraka. Na bantu banasemaka, akishafanya vile, hana tena kitu ya kungojea. Nilikujibu, "Angalia njia." Nilifikiri ni maneno ya muchoko.

Tangu ile siku motoka haiyaisha. Ulinunua pine ingine, muzuri; nilifikiri tunangoja ile tu. Kisha ukasema malame iko chini, ikapandishwa tena. Kisha mapine ya nyuma, inaomba kitu ya kuyafunga pamoja, moja ikiteleza ingine isukume. Ukafunga. Kisha treye, ile mashine ya kamba ya kujivutia. Kisha kiti ya nyuma. Nilikuwa nauliza, "Imeisha?" na unajibu, "Karibu, mama." Kisha kazi ya Kolwezi ikakuya, ya kutengeneza makamio ya mine, ya machimbo, nikajisifu soko muzima, na ukaenda. Ukaiweka juu ya matofali, "paka kidogo," ati kuna chuma moja bado.

Niliita fundi wa ateliye yako ya zamani aangalie ni chuma gani inakosekana. Alilala chini, akatoka anajipanguza mikono. "Mama Ngoie, hii motoka haikosi kitu. Hii inaweza kupanda ku paa ya kanisa."

Njo nikaketi pa kaze yangu, hapo katikati ya parsele, na nikasikia upya ile neno ulisema mu vumbi. Mutoto ya bantu! Unachomelea chuma bila kuogopa moto, unaogopa udongo mweupe.

Sasa sikiliza. Juzi ule wa pikipiki mwenyi kushusha maharagi kutoka mulima, nilimutuma kwa nkambo na hii habari, alifika pahali kuna rezo, na telefone yangu ikaingiza sauti ya nkambo yako, alimurekodi. Nimeisikiliza mpaka batri ikaisha. Nakuandikia sawa vile alisema, na kukohoa yake yote:

"Ambieni uyu mwenyi jina yangu. Nasikia anatengeneza motoka tangu zamani. Anatengeneza motoka ao anajenga kanisa? Na nasikia anaogopa nitakufa akinifikia. Nani alimuambia? Nimepanda muhogo mupya hii mwaka. Muntu anatafuta kufa anapandaka muhogo? Siko natafuta kufa, natafuta kumuona. Na alete chumvi."

Vile njo mama yangu. Vile njo weye, ukizeeka.

Sikudanganye, Ngoie. Iko muzee kabisa. Siku moja ataenda, akupake ao asikupake. Miye nitabakia bila mama, na njo pale nitakuhitaji weye, mama yangu wa pili, ukiwa na pemba ku kipaji, hapana ukijificha Kolwezi nyuma ya makamio ya bantu. Unafikiri miye siogopi? Naogopa hata kuandika ile mustari.

Joto imekamata, mawingu inaanza kukusanyika kila mangaribi. Mvua ikianguka, ule mulima utakuwa sabuni, na weye unajua, hakuna motoka itapanda mpaka mwaka ingine. Kwa hiyo nimeamua. Siku ya posho, njo Jumamosi, tunaondoka, mbele yenga, siku ya misa, ifike. Nimenunua chumvi. Kuku mweusi nimemuhamisha na mayai yake, ananichukia. Matofali tumeyatoa, motoka imesimama ku miguu yake, na parsele muzima inaonekana kidogo.

Chofere nimepata: binamu yako Ilunga, wa taxi-bus. Ndiyo, ule ule. Ule unasemaka anaingiza vitesi, zile gia, sawa anavuta mbuzi mu kamba. Amekuya jana kujaribu. Ulisikia ile sauti paka Kolwezi? Mama Béa alitoka inje na sufuria ku mukono. Nilimuuliza Ilunga, utatoa upepo mu mapine? Akajibu, "Mama mudogo, upepo ni wa nini kutoa, si tuliulipia?" Na jiwe munene? "Napita katikati."

Atapita katikati, Ngoie. Na motoka yako.

Bas za kutoka Kolwezi ziko kila asubui. Kama woga iko, ukuye nayo. Kiti ya nyuma uliitengeneza mupana, itapata pahali. Weye mwenyewe ulinifundisha jiwe hatulikimbie. Ufunguo niko nao, nimeufunga mu pembe ya kikwembe yangu, na sitampa Ilunga mpaka siku ya posho, jua ikishapanda juu ya paa ya mama Béa. Kisha nitampa. Najua utalia, si juu ya nkambo, juu ya vitesi za motoka yako.

Kaze ya pombe iko tayari. Nataka mukono yako njo inishike nikipanda.

Ni miye,
mama yako mwenyi kujisifu, na mutoto yako mwenyi kukungoja ku mulango.